Levothairoksini: mwongozo kamili wa kumeza, kupima na kuishi na dawa ya tezi ya shingo

Levothairoksini ni dawa ya zamani, na ikimezwa kwa kiasi sahihi haina visa vingi. Pamoja na hayo, ni moja ya dawa zinazomezwa ovyo kuliko zote tunazotoa dirishani. Mgonjwa anaanzishiwa mikrogramu 50, anarudi baada ya miezi miwili kipimo kiko juu vilevile, anapandishwa hadi 75, kisha 100, kisha 125, na bado anaamka kachoka kana kwamba hakulala. Anaanza kuamini mwili wake umeikataa dawa. Ukimhoji taratibu unakuta dawa inafika tumboni kila siku bila kukosa, ila inafika pamoja na chai ya maziwa, vidonge vya kuongeza damu na dawa ya kiungulia, na sehemu yake nzuri tu inapita bila kuingia kwenye damu.

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye daktari amekwisha kumwandikia dawa hii, au anayemtunza aliyeandikiwa. Si wa kujianzishia wala kujipandishia dozi.

Inatibu nini hasa

Mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo, kuna tezi ya thairoidi. Hutengeneza homoni mbili, T4 na T3, zinazoamua mwili utumie chakula kwa kasi gani, moyo udunde vipi, utumbo usukume vipi, hata hedhi ije kwa namna gani. Chini ya ubongo kuna tezi nyingine ndogo, pituitari, inayosimamia kazi hiyo. Ikiona T4 imepungua, inamwaga homoni yake iitwayo TSH ili kuihimiza thairoidi. Kwa hiyo kwenye karatasi ya maabara TSH ikiwa juu, mara nyingi maana yake ni kwamba homoni ya thairoidi iko chini. Wengi husoma kinyume, wakadhani "imezidi" na kuacha dawa wenyewe.

Levothairoksini ni T4 ileile, ila imetengenezwa kiwandani. Mwili wenyewe huibadilisha kuwa T3 kadiri unavyohitaji. Tiba ya kurudisha homoni hii ilianza mwaka 1891 mjini Newcastle, Uingereza, daktari George Murray alipomchoma mama mmoja sindano za maji yaliyokamuliwa kwenye tezi za kondoo. Mama yule aliishi miaka 28 zaidi. T4 yenyewe ilitengwa na Edward Kendall kule Marekani mwaka 1914, na leo tunaimeza kwenye kidonge kidogo ambacho kikidondoka sakafuni hukioni.

Dawa hii huandikwa kwa sababu chache. Kubwa ni thairoidi kushindwa kazi, na sababu inayoongoza mahali ambapo watu wanapata madini joto ya kutosha ni ugonjwa wa Hashimoto, ambamo kinga ya mwili huishambulia tezi yake yenyewe. Wengine ni waliofanyiwa upasuaji wa goita na tezi ikaondolewa yote au karibu yote, au waliopewa madini joto ya mionzi kwa ajili ya thairoidi iliyokuwa inafanya kazi kupita kiasi. Hawa waliopewa mionzi hushangaa: jana walikuwa wanatibiwa homoni kuzidi, leo wanaambiwa wameze homoni hiyohiyo maisha yao yote. Ndivyo ilivyo, na ni rahisi zaidi kuishi hivyo kuliko kuishi na homoni iliyozidi. Waliotibiwa saratani ya thairoidi nao huimeza, wakati mwingine kwa dozi ya juu makusudi ili TSH ishuke chini ya kawaida. Na wapo watoto wanaozaliwa na tezi isiyofanya kazi, ambao nitawarudia.

Haitibu unene. Mtu ambaye thairoidi yake ni nzima akimeza levothairoksini ili apungue, kwa dozi ndogo hapungui, na kwa dozi kubwa anahatarisha moyo. Nalisema hili mapema kwa sababu vidonge vya kupunguza mwili vinavyouzwa bila usajili vimewahi kukutwa, nchi mbalimbali, vimechanganywa homoni ya thairoidi kimyakimya. Kidonge cha kupungua kikikufanya moyo uende mbio na mikono itetemeke, kiache na umwone daktari.

Hatua ya kwanza: hakikisha kweli unaihitaji

Dalili za homoni kupungua ni za kawaida mno: uchovu, kusikia baridi wakati wenzako wanajipepea, kufunga choo, ngozi kukauka, nywele kukatika, hedhi kuwa nzito au kupotea, sauti kuwa nzito, kusahausahau, uzito kupanda bila kula zaidi. Kwa jinsi zinavyokuja polepole, familia hupata maelezo yake: ni uzee, ni mawazo, amelogwa, amekuwa mvivu. Wengine wanazungushwa kwa miaka kwenye maombi na kwa waganga kabla mtu hajafikiria shingo.

Uchovu wenyewe, hata hivyo, si ushahidi. Upungufu wa damu, kisukari, sonona na usingizi mbovu vyote huleta uchovu. Kipimo ndicho kinachoamua. Kwa maabara nyingi TSH ya kawaida ya mtu mzima iko kati ya takriban 0.4 na 4.0, lakini soma kiwango kilichoandikwa na maabara yako mwenyewe. TSH ikiwa juu ya 10 na T4 iko chini, hapo hakuna mjadala mrefu. Ikiwa kati ya 4 na 10 huku T4 ni ya kawaida, daktari mwangalifu mara nyingi atarudia kipimo baada ya miezi miwili au mitatu kabla ya kukuanzishia dawa ya maisha, kwa sababu TSH hupanda kidogo mtu anapopona ugonjwa mwingine, na kwa wazee hupanda kidogo kwa umri tu. Una haki ya kuuliza: "Daktari, tunaweza kurudia kabla ya kuanza?" Mjamzito na anayetafuta mtoto ni suala tofauti, hao hawasubirishwi hivyo.

Kuna kundi moja linalopotea njiani. Mwanamke anatokwa maziwa na hanyonyeshi, au hapati hedhi, anapimwa prolaktini, homoni ya kutengeneza maziwa, ikakutwa iko juu, anaandikiwa dawa ya kuishusha. Thairoidi ikiwa imelala, prolaktini hupanda yenyewe. Mwambie daktari aangalie na TSH kabla hujaanza dawa ya prolaktini.

Kabla ya kidonge cha kwanza, daktari ajue mambo haya: kama una ugonjwa wa moyo au maumivu ya kifua ukipanda ngazi, kama una kisukari, kama una mimba au unaitafuta, na dawa zote unazomeza, za hospitali na za mitishamba. Ajue pia kama uliwahi kuwa na tatizo la tezi za adrenali, zile zilizo juu ya figo. Hili si la kupuuza: mtu ambaye adrenali zake zimeshindwa akipewa levothairoksini kabla ya kupewa haidrokotisoni, dawa inayochukua nafasi ya homoni ya tezi hizo, anaweza kuzidiwa ghafla. Dalili za kumfanya daktari aziangalie kwanza ni kupungua uzito badala ya kunenepa, kizunguzungu ukisimama, hamu kali ya chumvi, na ngozi kuwa nyeusi zaidi kwenye mikunjo ya viganja na kwenye fizi.

Hatua ya pili: soma namba kwenye boksi

Dawa nyingi zetu hupimwa kwa miligramu. Hii hupimwa kwa mikrogramu, na mikrogramu 1,000 ndizo zinazotengeneza miligramu moja. Baadhi ya maboksi huandika 50 mcg, mengine huandika 0.05 mg, na ni kitu kilekile. 0.1 mg ni mikrogramu 100. Nukta ikirukwa au ikisomwa vibaya, dozi inabadilika mara mbili au mara kumi.

Dozi kamili ya mtu mzima ambaye tezi yake haifanyi kazi kabisa hukadiriwa kwa takriban mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito. Mtu wa kilo 60 hufika karibu na 100. Lakini wengi hawaanzi hapo. Mzee, au mwenye moyo wenye shida, huanza na 25 au hata 12.5 na kupandishwa polepole, maana moyo uliozoea mwendo wa pole ukisukumwa ghafla unaweza kuleta maumivu ya kifua au mapigo yasiyo na mpangilio. Kwa hiyo usilinganishe dozi yako na ya dada yako. Mwenzako kumeza 150 haina maana ugonjwa wake ni mbaya zaidi.

Dirishani, kataa bahasha ya karatasi iliyoandikwa "1x1" yenye vidonge vilivyotolewa kwenye pakiti yake. Utakuwa hujui ni 25 au 100, hujui tarehe ya mwisho, na dawa hii huharibiwa na mwanga, joto na unyevu. Omba ukatiwe pamoja na pakiti yake, sehemu yenye jina na nguvu ya dawa ikiwemo.

Hatua ya tatu: kumeza

Hapa ndipo matibabu hushinda au hushindwa, na ndipo nitakapokaa muda mrefu kuliko sehemu nyingine.

Tumbo likiwa tupu, mwili huchukua kama asilimia 70 hadi 80 ya dawa. Likiwa na chakula, kiasi hicho hushuka, na kibaya zaidi hushuka tofauti kila siku kutegemea ulikula nini. Utaratibu wa kawaida ni huu: ukiamka, meza kidonge na maji matupu, glasi nzima, kisha subiri nusu saa hadi saa nzima kabla ya kula au kunywa kitu kingine chochote. Maji matupu maana yake maji. Si chai ya rangi, si kahawa, si juisi. Kahawa hupunguza dawa inayoingia, na maziwa pia. Kikombe cha chai ya maziwa dakika tano baada ya kidonge, ambacho kwetu ndicho kifungua kinywa chenyewe, kinatosha kuharibu kazi ya siku hiyo.

Watu wanaowahi daladala saa kumi na moja alfajiri huniambia hawana saa nzima ya kusubiri. Sawa. Weka kidonge na chupa ya maji kando ya kitanda, meza macho yakifumbuka, kisha nenda kuoga, kupiga pasi, kuamsha watoto. Nusu saa inaisha bila kuisikia. Kama hilo nalo haliwezekani, kuna njia ya usiku: meza wakati wa kulala, saa tatu au zaidi baada ya chakula cha mwisho. Inafanya kazi vizuri, na kwa wengine vizuri zaidi. Sharti ni chakula cha usiku kiwe cha mapema. Anayekula ugali saa nne na kulala saa nne na nusu, njia hii haimfai. Chagua moja na ubaki nayo. Kuruka asubuhi leo, usiku kesho, ndiko kunakofanya majibu ya vipimo kupanda na kushuka bila maelezo.

Sasa, madini. Chuma na kalsiamu hushikana na levothairoksini tumboni, vikatoka pamoja. Viwekee nafasi ya saa nne. Hapa akina mama huumia zaidi, kwa sababu vidonge vya kuongeza damu hutolewa kliniki kwa kila mjamzito, na mtu hupanga dawa zake zote pamoja ili asisahau.

"Mama, hizi za kuongeza damu unameza saa ngapi?"

"Asubuhi mwanangu, na ile ndogo nyeupe. Nazimaliza zote kwa mpigo ndiyo niende shamba."

Hapo huna haja ya kupandisha dozi. Ndogo nyeupe ibaki alfajiri, ya kuongeza damu iende mchana au jioni, kisha apimwe tena baada ya wiki sita. Mara nyingi TSH inashuka bila kuongeza hata mikrogramu moja.

Kalsiamu imo pia kwenye vidonge vya mifupa na kwenye vitamini za mchanganyiko. Dawa za kiungulia zenye aluminiamu, magnesiamu au kalsiamu, zile za kutafuna na zile za maji meupe, nazo ziachanishwe saa nne. Vivyo hivyo sukralfeti inayotolewa kwa vidonda vya tumbo. Omeprazo na ndugu zake haziachanishwi kwa saa, kwani hupunguza asidi ya tumbo siku nzima. Ukianza au kuacha dawa hizo kwa muda mrefu, mwambie daktari akupime TSH upya. Soya ina tabia kama ya maziwa, kwa hiyo uji wa lishe wenye unga wa soya nao usubiri, na wanaounywa kila siku wautaje kliniki.

Ukisahau, meza pale unapokumbuka siku hiyohiyo, tumbo likiwa limepumzika. Kama kumekucha siku ya pili, meza dozi ya siku hiyo na usiirudufu isipokuwa daktari wako alikwisha kukuelekeza hivyo. Levothairoksini hukaa mwilini muda mrefu: baada ya siku saba hivi nusu yake bado ipo kwenye damu. Kusahau siku moja hakukuangushi. Kusahau siku tatu kila wiki kunakuangusha, ila polepole, na hapo ndipo mtu hudhani dawa haina kazi.

Wakati wa Ramadhani, wanaofunga hupata nafasi mbili. Ya kwanza ni kulala, saa tatu au zaidi baada ya kumaliza kula. Ya pili ni kuamka mapema na kumeza nusu saa hadi saa nzima kabla ya daku. Wapo wanaopenda kumeza adhana inapolia magharibi, lakini kusubiri nusu saa mbele ya tende na uji si jambo dogo, na wengi hawasubiri. Zungumza na daktari kabla ya mwezi kuandama. Siku yenyewe ya funga si hatari kwa dawa hii, mradi dozi isirukwe mwezi mzima.

Dawa nyingine zinazogongana nayo

Hizi si za kuachanisha kwa saa. Hizi hubadilisha kiasi unachohitaji, kwa hiyo kinachotakiwa ni daktari kujua na kupima mapema. Rifampisini ya kifua kikuu huharakisha mwili kuitumia homoni, na mgonjwa aliyekuwa ametulia miaka mingi anaweza kurudi kwenye uchovu miezi miwili baada ya kuanza dawa za TB. Kabamazepini, fenitoini na fenobabitoni za kifafa hufanya hivyohivyo. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni vinaweza kupandisha mahitaji. Baadhi ya ARV, hasa zenye ritonaviri, zimeonekana kushusha homoni kwa wanaotumia levothairoksini.

Kwa upande wa pili, levothairoksini nayo hugusa nyingine. Huongeza nguvu ya warfarini, hivyo anayetumia dawa hiyo ya kuzuia damu kuganda apimwe damu yake mara kwa mara dozi ya thairoidi inapobadilika. Mwenye kisukari anaweza kuona sukari imepanda kidogo.

Kuhusu mitishamba, neno moja. Unga wa mwani unauzwa mitandaoni siku hizi kama tiba ya thairoidi. Mwani una madini joto, na kiasi chake hutofautiana sana pakiti hadi pakiti. Mwenye Hashimoto kwa kawaida hana upungufu wa madini joto, na kumwongezea mengi kunaweza kuizidishia tezi ugonjwa. Chumvi ya kawaida yenye madini joto endelea nayo. Haidhuru kwa kiasi cha kupikia, na wala haichukui nafasi ya kidonge kama tezi imeshindwa.

Hatua ya nne: kupima, na kujua lini

Kwa kuwa dawa hukaa mwilini muda mrefu, kiwango chake hakitulii kabla ya wiki kama sita. Kupima baada ya wiki mbili ni kupoteza hela: TSH itakuwa bado inasafiri. Pima wiki sita hadi nane baada ya kuanza au kubadilisha dozi, rudia hivyo mpaka itulie, kisha kila miezi sita, halafu mara moja kwa mwaka kama hakuna kilichobadilika.

Siku ya kipimo, nenda kabla hujameza kidonge cha siku hiyo, hasa kama T4 nayo inapimwa, kwa kuwa hupanda kwa saa chache baada ya kumeza. Beba kidonge mkobani, ukimeze ukishatolewa damu. Na kama unatumia vitamini za nywele na kucha zenye bayotini, ziache angalau siku mbili kabla. Bayotini huvuruga mashine za maabara nyingi kiasi cha kuonyesha kwamba homoni yako imezidi wakati haijazidi. Mtu anapunguziwa dozi kwa kosa la kopo la vitamini.

Tunza karatasi zote za majibu kwenye faili moja, kila moja ukiiandikia dozi uliyokuwa unatumia siku hiyo. TSH ya 7 peke yake haisemi kitu kwa daktari mgeni. TSH ya 7 kwa mikrogramu 75, iliyoshuka kutoka 31 kwa mikrogramu 50, inasema mengi.

Usitarajie kupona wiki ya kwanza. Nguvu huanza kurudi baada ya wiki mbili hadi nne, choo hulainika, baridi hupungua. Nywele na ngozi huchelewa, hata miezi. Uzito hushuka kidogo tu, kwa kuwa sehemu kubwa ya uzito wa ugonjwa huu ni maji na chumvi vilivyokwama mwilini, na wanaosubiri kupungua kilo kumi na tano huvunjika moyo bure.

Mimba na kunyonyesha

Usiache dawa ukigundua una mimba. Nasisitiza kwa sababu ushauri wa "acha dawa zote mpaka ujifungue" unatolewa na majirani kwa moyo mweupe. Wiki za mwanzo mtoto hutegemea homoni ya mama kwa ajili ya ubongo wake, na upungufu usiotibiwa huongeza hatari ya mimba kutoka na mtoto kuzaliwa kabla ya wakati.

Mahitaji ya mama hupanda mapema, mara nyingi kwa asilimia 25 hadi 30. Ndiyo maana madaktari wengi humwelekeza mgonjwa wao, kabla hata hajashika mimba, kwamba hedhi ikichelewa na kipimo kikaonyesha mimba, ameze vidonge tisa kwa wiki badala ya saba, yaani siku mbili za wiki vidonge viwili, kisha aje haraka apimwe TSH. Kama unatafuta mtoto, uliza swali hili sasa, usisubiri. Kipimo hurudiwa kila wiki nne hivi hadi katikati ya mimba. Ukishajifungua, dozi kwa kawaida hurudishwa ilivyokuwa na unapimwa wiki sita baadaye. Kunyonyesha hakuna tatizo. Kinachopita kwenye maziwa ni kidogo na ni homoni ambayo mtoto mwenyewe anayo.

Mtoto mchanga

Hospitali zetu nyingi hazipimi thairoidi ya kila mtoto anayezaliwa, kwa hiyo macho ya mzazi yana kazi. Manjano yasiyoisha baada ya wiki mbili, kulala mno, kunyonya kivivu, kulia kwa sauti nzito, kufunga choo, ulimi mkubwa, kitovu kilichojitokeza: mpeleke, na uitaje thairoidi kwa jina. Dawa ikianza ndani ya wiki mbili za kwanza, mtoto ana nafasi nzuri ya kukua na akili timamu. Ikichelewa miezi, kilichopotea kwenye ubongo hakirudi.

Dozi ya mchanga ni kubwa kwa uzito wake, mikrogramu 10 hadi 15 kwa kilo, na daktari ndiye anayeipanga. Kidonge hupondwa kwenye kijiko safi, kinachanganywa na matone ya maji au maziwa ya mama, anapewa papo hapo. Usikitie kwenye chupa nzima ya maziwa, kwani asipoimaliza hutajua amepata kiasi gani. Usiponde vya wiki nzima ukaweka akiba.

Dalili kwamba imezidi, na lini ukimbie hospitali

Dozi ikizidi, mwili unakimbizwa: moyo kwenda mbio, jasho, mikono kutetemeka, kukosa usingizi, kuharisha, hasira za karibu, uzito kushuka huku unakula. Nenda ukapimwe. Wapo wanaoipenda hali hii kwa sababu wanahisi wachangamfu na wanapungua, wakamficha daktari. Homoni iliyozidi kwa miaka huleta mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, ambayo huweza kusababisha kiharusi, na hula mifupa, hasa ya mama aliyekoma hedhi.

Usisubiri kliniki, nenda hospitali siku hiyohiyo, ukipata maumivu ya kifua, pumzi kukatika, kuzimia, au moyo kudunda ovyo bila kutulia. Hali kadhalika mtoto akimeza vidonge vyako. Anaweza kuonekana mzima leo na kuanza kuumwa siku kadhaa baadaye, kwa hiyo beba boksi na mpeleke hata kama anacheza.

Hatari ya upande wa pili ni kuiacha dawa kwa miezi. Mgonjwa, mara nyingi mzee, akipata homa ya mapafu au maambukizi mengine juu ya hapo, anaweza kuingia kwenye hali ambayo mwili unapoa, pumzi na mapigo vinakwenda polepole, na haamshiki vizuri. Hiyo ni dharura ya kufa na kupona. Mwambie anayempokea kwamba ni mgonjwa wa thairoidi aliyeacha dawa, kwani bila hilo atatafutiwa malaria kwanza.

Kununua na kutunza

Nunua kwenye duka lenye leseni, na angalia kwamba dawa imesajiliwa na mamlaka ya nchi yako: TMDA kwa Tanzania, Bodi ya Famasia na Sumu kwa Kenya, NDA kwa Uganda. Tofauti ndogo ya dozi huonekana kwenye damu, kwa hiyo jitahidi kubaki na kiwanda kimoja. Ukilazimika kubadilisha kwa sababu dukani imeisha, si msiba, ila andika tarehe na upime TSH baada ya wiki sita.

Boksi litakuambia joto la kuhifadhia, mara nyingi chini ya nyuzi 25 au 30. Nyumba ya bati huko Tanga au Mombasa hupita hapo kila mchana, na ndani ya gari lililoegeshwa juani ndiyo kabisa. Chumba cha kulala, kabatini, mbali na dirisha na jiko, ndani ya pakiti yake. Friji ina unyevu, usiiweke humo kama boksi halisemi hivyo. Bafuni hapana.

Nunua ya mwezi ujao ikiwa bado una ya wiki mbili. Ukikuta 100 hakuna lakini 50 zipo, mfamasia anaweza kukupa mbili za 50 kwa siku, na aandike hivyo kwenye boksi kwa maneno, si kwa alama. Anayesafiri kwenda Hija au kwa watoto Ulaya abebe dawa kwenye mkoba wa mkononi pamoja na nakala ya cheti cha daktari, na akifika huko ameze kwa saa za huko, asubuhi ya huko, tangu siku ya kwanza.